KIKAANGO CHENYE KUTU HAKIJAFA

Maneno ya mazungumzo kwa watu wa nyumbani

Katika nyumba nyingi, za mjini na za mashambani, kiko chombo kimoja kilichosahauliwa. Pengine kimelala nyuma ya mlango wa jiko, pengine kimefunika tundu la kuku, na pengine kuku wenyewe hunywea maji ndani yake. Ni kikaango kizito cha chuma, au chungu cha miguu mitatu, au tawa ya kuchomea chapati, ambacho zamani kililisha watu wengi. Sasa kimekuwa chekundu kwa kutu, na kila akionaye asema kwamba siku zake zimekwisha. Kisha siku moja apita mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Chombo chapimwa, zatolewa shilingi chache, nacho chaenda zake pamoja na misumari iliyopinda na magurudumu ya baiskeli.

Wahenga walisema, Mtupa jongoo hutupa na mti wake. Methali hiyo yafaa kwa jongoo, lakini kwa kikaango haifai, maana kutu yaweza kutupwa na kikaango kikabaki. Jambo la kushika katika mazungumzo haya ni moja tu. Chombo cha chuma cha kusubu, maadamu hakikupasuka wala hakikuingiwa na sumu, chaweza kurudishwa katika kazi yake kwa vitu vinne vilivyo karibu na kila mtu: kitu cha kusugulia, mafuta kidogo, moto wa kiasi, na subira. Katika hivyo vinne, subira ndiyo ambayo wengi huisahau nyumbani.

CHUMA CHA KUSUBU NI NINI

Yafaa kwanza kukijua chombo chenyewe. Wahunzi wa kale wa Afrika ya Mashariki walitoa chuma katika mawe na mchanga wenye chuma, kwa tanuu za udongo na mivukuto, kisha wakakifua kwa nyundo kikiwa kimelegea kwa moto. Hivyo ndivyo yalivyopatikana majembe, mikuki, mashoka na visu. Chuma cha namna hiyo ni chuma cha kufua, nacho hupindika kabla hakijavunjika.

Chuma cha kusubu ni cha namna nyingine. Hicho huyeyushwa mpaka kikatiririka kama maji, kisha humiminwa katika kalibu, na kikipoa huwa na umbo la kalibu ile. Ndani yake mna kaboni, ambayo ndiyo asili ya makaa, kadiri ya sehemu 2 mpaka 4 katika kila sehemu 100. Kaboni hiyo hukifanya kiyeyuke kwa moto ulio mdogo kuliko ule wa chuma kingine, yapata digrii 1,200 za sentigredi. Lakini kaboni hiyo hiyo hukifanya kiwe kigumu kisichopindika. Kikianguka juu ya sakafu ya saruji chaweza kupasuka kama kigae.

Wachina walijua kazi ya kusubu chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Katika Uingereza, Abraham Darby alipewa hati mwaka 1707 kwa njia yake ya kusubu vyungu vya chuma katika kalibu za mchanga. Mwaka 1709, mahali paitwapo Coalbrookdale, alianza kuyeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyokwisha kuchomwa na kutolewa moshi wake, badala ya makaa ya miti. Baada ya hapo vyungu vya chuma vilipungua bei, na watu wa kawaida wakaweza kuvinunua. Merikebu zilivichukua mpaka nchi za mbali. Afrika ya Kusini, chungu cheusi cha miguu mitatu hupikiwa watu wengi katika harusi na matanga.

Marekani, kiwanda cha Lodge kilianzishwa mwaka 1896 katika mji wa South Pittsburg, jimbo la Tennessee, na hata leo husubu vikaango. Kiwanda cha Griswold cha mji wa Erie, jimbo la Pennsylvania, kilifungwa mwaka 1957, lakini vikaango vyake havikufungwa pamoja nacho. Watu huvitafuta katika masoko ya vitu vikuukuu, wakavinunua vikiwa vimeota kutu, wakavisafisha na kuvipikia. Chombo kilichokiishi kiwanda chake kwa miaka zaidi ya 60 si chombo cha kutupwa ovyo.

KWA NINI KISITUPWE

Huenda mtu akauliza, “Kwa nini mtu ajisumbue hivyo, na sufuria nyepesi za alumini zimejaa madukani?” Swali lake ni la haki. Sufuria ya alumini ni nyepesi, hupata moto upesi, wala haioti kutu. Hakuna asemaye kwamba itupwe. Lakini wahenga walionya pia, Usitupe mbachao kwa msala upitao, na chuma kina mambo matatu ambayo sufuria nyepesi haina.

La kwanza ni uzito. Kikaango cha upana wa sentimeta 26 huwa na kilo 2 na zaidi. Chuma kizito namna hiyo huchelewa kupata moto, lakini kikiisha kuupata hakiuachi upesi. Mpishi akitia samaki wa baridi au chapati mbichi, kikaango hakipoi ghafula, na chakula huiva kwa rangi nzuri.

La pili ni utando wake. Vikaango vingi vya siku hizi vimepakwa kiwandani utando laini usioshika chakula. Utando ule ukichubuka, mwenyewe hawezi kuurudisha, naye hana budi kununua kikaango kingine. Utando wa kikaango cha chuma hutengenezwa jikoni na mwenyewe, na ukiharibika hutengenezwa tena jikoni na mwenyewe.

La tatu ni damu. Mwili wahitaji chuma kidogo kila siku ili utengeneze damu, na mtoto asiyekipata hupauka viganja, hulegea, na hushindwa kucheza na kujifunza. Chakula kikipikwa katika chombo cha chuma, khasa chakula chenye majimaji na uchachu, huchukua chembe za chuma kutoka katika chombo. Mwaka 1999 jarida la waganga la Uingereza, The Lancet, lilichapisha khabari za utafiti uliofanywa kaskazini ya Ethiopia. Nyumba nyingine zilipewa vyungu vya chuma na nyingine vyungu vya alumini. Baada ya miezi 12 watoto waliokula chakula cha vyungu vya chuma walionekana kuwa na damu nzuri zaidi kuliko wenzao.

Hata hivyo mtu asidhani kuwa kikaango ni dawa. Upungufu wa damu huletwa pia na malaria, na safura, na kukosa vyakula vya kujenga mwili. Mtoto aliyepauka apelekwe hospitali, asingojewe apone kwa chungu. Tena wako watu wachache ambao miili yao hujaa chuma kupita kiasi, na hao hufuata shauri la daktari wao.

KWANZA KICHUNGUZWE

Kabla ya kumwaga jasho, mwenye chombo na akichunguze. Na akining'inize kwa mpini au kwa sikio lake, akigonge kwa kijiti au kwa kifundo cha kidole. Kikilia kama kengele, ki kizima. Kikitoa sauti fupi iliyokufa, huenda kina ufa, kama vile wanunuzi wa vyungu vya udongo wanavyojua sokoni. Chenye ufa hakifai kwa moto, maana siku moja kitagawanyika na mafuta ya moto yamwagikie miguu ya mpishi au ya mtoto aliye karibu. Kama ndani yake mna enameli, yaani ule utando unaong'aa kama kioo, kisisuguliwe kwa njia zitakazotajwa hapa, kwa sababu njia hizi ni za chuma kitupu.

Jambo la pili ni kubwa kuliko hilo. Vyombo vingine vya kale vimetumiwa kuyeyushia risasi. Wavuvi huyeyusha risasi ili wapate vizito vya nyavu na mishipi, na watu wengine huyeyusha risasi ya betri kuukuu za motokaa. Risasi ni sumu. Huharibu akili ya mtoto aliye tumboni na mtoto mdogo, nayo haina harufu wala ladha ya kumwonya mpishi. Risasi iliyoingia katika vinyweleo vya chuma haitoki kwa kusuguliwa wala kwa kuchomwa, na kuichoma huitoa kama moshi wa sumu ndani ya nyumba.

Basi ni lazima kuuliza. Chombo kilitoka wapi? Nani alikuwa nacho, na alikifanyia kazi gani? Kikionekana kuwa na matone ya kijivu yaliyoganda, malaini kiasi cha kukwaruzwa kwa kisu na kung'aa, kiachwe. Kikiwa kimenunuliwa kwenye chuma chakavu na hakuna ajuaye maisha yake, kisipikiwe watoto. Lakini kikaango cha bibi, ambacho ukoo wote wajua kuwa kilikaanga mandazi na samaki siku zake zote, hicho hakina shaka, na kazi yaweza kuanza.

KUONDOA UCHAFU NA KUTU

Juu ya chombo cha kale huwa na vitu viwili: mafuta yaliyoungua na kuganda, na kutu. Mafuta yaondolewe kwanza. Magadi, ambayo wengi huyatia katika maharagwe ili yalainike, hufanya kazi hiyo vizuri. Chombo kijazwe maji, litiwe konzi moja la magadi, kichemshwe polepole kwa nusu saa, kisha maji yamwagwe na uchafu ukwanguliwe kwa ubao au kijiko cha chuma. Asiye na magadi aweza kutumia maji yaliyochujwa katika majivu ya kuni, kwa maana majivu pia hukata mafuta. Maji hayo ni makali kwa mikono na kwa macho, na watoto wakae mbali. Wala kikaango kisichemshwe ndani ya sufuria ya alumini yenye magadi, kwa kuwa magadi huila alumini.

Yafuata kutu. Kutu ni chuma kilichoungana na maji na hewa. Ndiyo maana huota upesi mahali penye unyevu, na khasa pwani, kuanzia Lamu mpaka Mombasa na kwingineko, ambako chumvi ya bahari huiharakisha. Kutu ya juu juu hutoka kwa brashi ya waya, au kwa msasa, au kwa mchanga mkavu na konzi la makumbi ya nazi. Kazi hii ifanywe kavu, nje ya nyumba, na pua ifunikwe kwa kitambaa ili vumbi lisivutwe. Mwenye chombo na asugue mpaka aone rangi ya kijivu ya chuma chenyewe. Madoa meusi yaliyokwisha kushikamana si adui, yaachwe.

Kutu iliyoingia ndani huhitaji siki. Siki na maji huchanganywa sawa kwa sawa, na chombo huzamishwa humo. Lakini saa itazamwe. Baada ya nusu saa chombo kitolewe na kusuguliwa. Kikihitaji tena, kirudishwe kwa nusu saa nyingine. Kisilazwe humo usiku kucha, maana siki haina macho. Ikiisha kuila kutu, huanza kukila chuma. Maji ya ndimu au ya ukwaju hufanya kazi ile ile, nayo hutaka uangalifu ule ule.

Watu wengine hukitupa kikaango katikati ya moto mkubwa ili kiungue uchafu wote mara moja. Njia hiyo ni fupi, lakini imeua vikaango vingi. Moto mkali usio sawa hukipinda chuma au kukipasua, na wakati mwingine huacha magamba mekundu ambayo hayashiki mafuta tena.

Kutu ikiisha, chombo kioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kipanguswe kwa kitambaa, na papo hapo kiwekwe juu ya jiko kikauke kabisa. Pasipite hata muda wa kumwamkia jirani. Chuma kitupu kilicholowa hugeuka rangi ya chungwa kwa dakika chache tu. Ikitokea hivyo, mwenyewe asivunjike moyo, bali aipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kidogo.

KUKITIA UTANDO

Sasa chuma kiko uchi, na chahitaji nguo. Nguo yake ni mafuta, lakini si mafuta ya majimaji. Mafuta ya namna fulani yakipakwa kwa wembamba na kutiwa moto mkali, chembe zake hushikana, zikawa kitu kimoja kigumu kilichogandamana na chuma. Rangi ya mafuta iliyopakwa mlangoni hukauka kwa kazi inayofanana na hiyo. Hewa haiwezi kukipata chuma chini ya utando huo, wala chakula hakikishiki.

Si kila mafuta hufanya kazi hii sawasawa. Mafuta ya alizeti, ya mahindi, ya soya na ya ufuta hufaa. Mafuta ya nazi, yaliyo mazuri sana katika mchuzi, hayafai sana hapa. Karibu sehemu 90 katika kila 100 za mafuta ya nazi ni za namna isiyoshikana hivyo, na utando wake huwa dhaifu. Siagi pia haifai, maana ina maji na chumvi.

Kazi yenyewe ni hii. Chombo kipashwe moto mpaka kiwe vuguvugu. Mafuta kidogo sana, yasiyozidi kijiko kimoja cha chai, yapakwe ndani, nje, na kwenye mpini. Kisha kitambaa kingine kikavu kichukuliwe, na mafuta yote yapanguswe kana kwamba yalipakwa kwa makosa. Yatakayobaki ndiyo yanayotakiwa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi yao.

Mfano wao ni kama wa mke mmoja kijana aliyeachiwa kikaango na mama wa mumewe. Alikisugua siku nzima mpaka kikang'aa, na kwa furaha akakimiminia mafuta nusu kikombe, akakiweka motoni. Asubuhi kilikuwa kinanata kama ulimbo, na sisimizi wamekizunguka. Alilia, akasema kwamba chombo cha wazee kimeharibika mikononi mwake. Mkwewe alipokuja alikigusa kwa kidole, akacheka kidogo, akasema, “Mwanangu, chuma hakinywi mafuta kama ardhi inywavyo mvua. Ulikipa karamu, nacho kilitaka tonge.” Wakakirudisha motoni mpaka unato ukakauka, wakakisugua kidogo, na safari hii wakakipaka na kukipangusa mara mbili. Kabla ya jua kuchwa kilikuwa cheusi na kikavu.

Mwenye tanuri la kuokea na akiweke kikaango kifudifudi ndani yake, kwa moto wa digrii 200 mpaka 230, kwa saa moja, kisha akiache kipoe humo humo. Asiye na tanuri asinung'unike. Jiko la makaa hutosha. Chombo kiwekwe juu ya makaa yaliyokwisha kushika vizuri, kikageuzwegeuzwe ili moto ufike kila upande, na sufuria kuukuu yaweza kufunikwa juu yake ili joto lisipotee. Moshi mwembamba utatoka. Moshi ukikoma, na mng'aro wa majimaji ukaondoka, utando mmoja umeshika. Kazi hii ifanywe nje, au milango na madirisha yote yawe wazi. Hewa ya makaa katika chumba kilichofungwa huua watu waliolala, nayo haina harufu.

Utando mmoja hautoshi. Chombo kikipoa kidogo, kipakwe tena, kipanguswe tena, kirudishwe motoni tena, mara tatu au nne au zaidi. Haba na haba hujaza kibaba. Mara ya kwanza kitakuwa na rangi ya kahawia, mara ya pili kahawia iliyoiva, na mwisho kitaelekea weusi. Kikinata, mafuta yalizidi au moto ulipungua. Dawa yake ni kukirudisha motoni bila kuongeza mafuta. Vitambaa vilivyolowa mafuta visirundikwe pembeni, maana vyaweza kushika moto, bali vioshwe au vitandazwe nje vikauke.

KUKITUNZA

Kikaango kilichofufuka ni kama mtu aliyetoka kuugua: hakipewi kazi ngumu siku ya kwanza. Kianze kwa mandazi, viazi vya kukaanga, chapati za mafuta, na vyakula vingine vya namna hiyo, kwa sababu kila mara mafuta hukiongezea utando. Mchuzi wa nyanya, ukwaju au ndimu uliochemka muda mrefu huula utando mchanga, na chakula huwa na ladha ya chuma. Baada ya miezi ya matumizi mchuzi wa nyanya waweza kupikwa humo, mradi usilale ndani yake. Ni kweli kwamba uchachu huo huo ndio hutoa chuma kingi zaidi kwa ajili ya damu, na kwamba utando mzito hukipunguza. Kwa hiyo nyumba yenye vyombo viwili yaweza kukitunza kikaango kwa kukaangia, na kukiacha chungu kwa michuzi, kikipakwa mafuta mara kwa mara.

Kuosha ni rahisi. Chombo kioshwe kingali na moto kidogo, kwa maji ya moto na brashi. Sabuni laini ya vyombo haidhuru utando ulioshika. Sabuni iliyokuwa ikiogopwa na wazee ni ile kali iliyotengenezwa kwa magadi makali au majivu. Kisha kikaushwe juu ya jiko, kipakwe tone la mafuta, kipanguswe, kiwekwe pakavu. Kisilowekwe usiku kucha, wala kisifunikwe na mfuniko wake kikiwa na unyevu. Na maji baridi yasimwagwe kabisa katika kikaango chenye moto mwingi, maana kishindo kimoja chaweza kukipasua chombo kilichodumu miaka 80.

Kutu ikirudi, si msiba. Pasuguliwe mahali pale palipoota, pakaushwe, pakapakwa, pakachomwa. Ni kazi ya nusu saa, wala haihitaji fundi.

Mabibi na Mabwana, mnunuzi wa vyuma chakavu hana kosa lolote, naye afanya biashara ya halali. Lakini mizani yake hupima kilo tu. Haipimi chapati ambazo kikaango kitapika kwa miaka 50 ijayo, wala fedha za vikaango vyepesi ambavyo nyumba italazimika kununua kimoja baada ya kingine, wala jina la bibi ambalo wajukuu hulitaja kila wanapokishika mpini. Kabla hajapita tena, yafaa kila mtu aangalie nyuma ya mlango wa jiko lake, akining'inize kile kitu chekundu kilichomo, akigonge, akasikilize kama chalia. Kikilia, basi na aulize kwanza kwa wazee maisha yake, kisha atafute magadi, brashi ya waya, na kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti. Jumamosi moja yatosha.